Kovu la Saa Sita

Kwa zaidi ya miaka 60 Bibi yangu alivaa tembo kifuani, chini ya khanga, mahali ambapo mgeni hakuweza kumwona. Mimi nilimwona mara moja kwa mwaka. Mkesha wa Idi Bibi alivua mkufu, akakata ndimu, akachota majivu jikoni kwa ncha za vidole, kisha akamsugua yule tembo mpaka akawaka. Sisi wajukuu tulikaa kwenye mkeka tukisubiri zamu ya kumshika. Hakuna aliyetuambia kwamba kila tulipokuwa tunashangilia, thamani ya sarafu ile ilikuwa inashuka.

Ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15, iliyopigwa mjini kwetu Tabora mwaka 1916. Vita vilikuwa vimewabana Wajerumani. Meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, fedha haziji tena kutoka Ulaya, na watu wa kulipwa wako palepale. Wakaanza kupiga sarafu wenyewe katika karakana ya reli. Walipiga za shaba za heller 5 na 20 (neno letu "hela" limetoka kwenye heller hizohizo), na wakapiga hii ya dhahabu, ambayo dhahabu yake ilichimbwa Sekenke, upande wa Iramba. Zilitoka zaidi kidogo ya 16,000. Upande mmoja kuna tai wa Kaizari. Upande wa pili tembo ameinua mkonga, na nyuma yake mlima Kilimanjaro, ambao kutoka Tabora huwezi kuuona hata ukipanda mwembe gani. Mwezi Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji liliingia mjini.

Ilifikaje kwetu? Nyumbani wanasema baba yake Babu alikuwa kibarua wa karakana na alilipwa kwa sarafu hiyo. Mimi sina uhakika. Rupia 15 zilikuwa fedha nyingi mno kumlipa kibarua mmoja kwa mkupuo, na nilipolisema hilo mezani nikiwa mwaka wa pili wa chuo niliambiwa elimu imeanza kuniharibu. Nililiacha. Jambo lenye uhakika ni kwamba mwaka 1962 Babu, aliyekuwa fundi wa reli, alilehemu pete ndogo ya dhahabu juu ya kichwa cha tembo na kumvisha Bibi siku ya harusi yao.

Mwaka jana Bibi aliamua kuiuza. Nilikuwa nimebakiza muhula mmoja wa shahada ya uzamili ya falsafa, Dar es Salaam, na ada ilikuwa imegoma. Alinipigia simu akasema, kwa utani wake wa siku zote, "Mume wangu, mimi nimeshazeeka, huyu tembo atanisindikiza wapi? Chukua, soma." Baba mdogo ndiye aliyeileta, kwa treni, imefungwa kwenye kitambaa ndani ya kopo la tangawizi.

Kazi yangu mimi, kwa kuwa ndiye msomi, ilikuwa kuthibitisha kwamba ni ya kweli. Tembo huyu ameghushiwa sana, na bandia nyingine hutengenezwa kwa dhahabu halisi, kwa hiyo sonara akikuambia "hii ni dhahabu" bado hajakuambia kitu. Inabidi ujue mambo mawili tofauti: kitu kimetengenezwa kwa nini, na kimetoka wapi. La kwanza linapimika. Sarafu ya Tabora ilipaswa kuwa na gramu 7.168, robo tatu yake dhahabu. Yetu ilikuwa na pete, kwa hiyo uzito peke yake haukusaidia. Nikaiazimia mizani ya sonara mmoja wa Kariakoo. Tuliipima ikiwa kavu, gramu 7.46, kisha tukaitundika kwa uzi ndani ya glasi ya maji, ikapungua gramu 0.49. Gawanya: 15 na kidogo. Shaba ingetoa 8 au 9. Dhahabu tupu ingetoa 19. Kumi na tano ndipo inapotakiwa kuwa dhahabu ya robo tatu.

La pili halipimiki kwa mizani. Unatumia lenzi. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu huacha vishimo vidogo kama uso wa andazi, na herufi zake huwa kama zimelowa. Iliyopigwa kwa chapa ya chuma huwa na herufi zilizosimama. Halafu kuna pambo la majani chini ya maandishi: katika sarafu hizi ncha yake ya kulia huishia ama chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, ama chini ya A ya kwanza, kwa sababu chapa zilizotumika hazikuwa moja. Nilikaa na picha za sarafu zinazojulikana siku tatu. Yetu ilikuwa ya T. Kila kitu kilikaa mahali pake. Nilipomwambia Baba mdogo kwamba tembo ni wa kweli alicheka. "Kwani sisi tulikuwa hatujui?"

Nilidhani kazi ngumu imekwisha, kumbe ilikuwa inaanza. Mkusanyaji wa sarafu akishajua ni ya kweli anauliza iko daraja gani, na hapo bei inaweza kugawanyika mara mbili au mara tatu. Kipimo kinachotumika leo kina namba kutoka 1 hadi 70. Kilianzishwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti za zamani za kwao. Sabini ni sarafu ambayo haikuguswa na chochote tangu ilipotoka mashineni. Haikununua chumvi, haikulipa mahari, haikulala mfukoni na funguo. Yaani sarafu bora kuliko zote ni ile ambayo haijawahi kufanya kazi ya sarafu. Nilicheka peke yangu maktaba.

Huyo Sheldon ana mambo. Kabla ya sarafu alikuwa mwanasaikolojia aliyepanga miili ya binadamu kwa namba, wembamba, wanene na wenye misuli, akiamini kwamba umbo la mtu linaeleza tabia yake. Wanafunzi wa vyuo vikubwa vya Marekani walipigwa picha wakiwa uchi kwa ajili ya utafiti huo. Na baada ya kufa kwake ilithibitika kwamba alikuwa amebadilisha senti za mkusanyo wa American Numismatic Society: anachukua nzuri, anaweka yake dhaifu mahali pake. Mtu aliyewafundisha wengine kutofautisha daraja na daraja alitumia jicho hilohilo kuiba. Kipimo chake tunakitumia bado, na kwa kweli ni kipimo kizuri.

Kwa sarafu za Tabora kipimo hicho kina tatizo jingine. Karakana ya reli haikuwa kiwanda cha sarafu. Sarafu kadhaa zilitoka mashineni tayari hafifu, sehemu za juu hazikujaa vizuri, na asiyejua atasema zimechakaa kumbe zilizaliwa hivyo. Lazima kwanza ujue ilivyozaliwa ndipo uhukumu ilivyotumika. Wakati ule nilikuwa nasahihisha majaribio ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, yote kwa Kiingereza, na kuna karatasi moja niliyoipa alama 9 kati ya 20 ambayo niliichomoa tena kwenye rundo nikaisoma upya usiku. Hoja ilikuwemo, Kiingereza ndicho kilichotoka mashineni hivyo. Niliipandisha hadi 12. Sijui kama nilitenda haki au nilikuwa tu nimeangalia sarafu nyingi mno wiki ile.

Turudi kwa tembo. Mng'ao wake wa kuzaliwa ulikuwa umekwenda na majivu ya Idi 60. Hilo lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye lenzi. Lakini kubwa zaidi ilikuwa pete. Sarafu iliyowahi kulehemiwa, wapimaji wa Marekani wanaozifungia sarafu ndani ya plastiki hukataa kabisa kuipa namba ya kawaida. Wanaandika tu kwamba ni ya kweli, na kwamba ina jeraha. Wenyewe huelezea mahali pa jeraha kwa uso wa saa: saa tatu, saa tisa. Pete ya Bibi ilikuwa juu kabisa, pale penye 12, ambapo sisi tunapaita saa sita.

Baba mdogo alisema pete itolewe. Yule sonara wa Kariakoo alikuwa na mkono mwepesi sana. Alikata pete, akapasha, akafyonza lehemu, akapiga tupa ukingo, kisha akapapiga msasa kwa kitambaa na unga mwekundu mpaka pale palipokuwa na pete pakafanana na pengine pote. Ilichukua kama dakika 40. Kwenye mizani ilisoma gramu 7.15. Ujira wake akachukua pete yenyewe. Nikaweka lenzi saa sita na kwa sababu nilijua nikaona: weupe kidogo wa dhahabu, na ukingo ulionyooka kuliko inavyotakiwa, kama milimita 4. Mtu asiyejua asingeona.

Mnunuzi alikuwa mzee mmoja mstaafu wa Dar es Salaam, mtaratibu, mwenye sarafu za pwani hii tangu za masultani. Macho yake hayakuwa mazuri tena, alisema mwenyewe, na ndiyo maana aliomba nimwandikie maelezo kwa maandishi makubwa. Niliandika ukurasa mmoja. Uzito, ujazo, chapa ya T, historia ya karakana, hata Sekenke. Niliandika kwamba imesuguliwa. Niliandika kwamba imevaliwa na familia moja tangu kale. Kila sentensi ilikuwa kweli. Kuhusu saa sita sikuandika chochote. Alilipa shilingi 6,200,000, na siku ya pili yake ada ikaingia.

Sasa, aibu yangu ina kipande cha kuchekesha. Miezi miwili kabla yake nilikuwa nimetoa mada darasani kuhusu Cicero. Katika kitabu chake juu ya wajibu kuna mfanyabiashara anayefika Rhodes na shehena ya nafaka wakati wa njaa. Anajua meli nyingine nyingi ziko njiani zinakuja. Je, awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Wanafalsafa wawili wa Kistoa wanabishana. Diogenes wa Babeli anasema muuzaji anatakiwa kutaja kasoro zile tu ambazo sheria inamlazimisha azitaje. Kunyamaza si kuficha, na hatuwezi kuwajibika kumwambia kila mtu kila kitu kinachomfaa. Antipater, mwanafunzi wake, anasema hapana, chochote akijuacho muuzaji mnunuzi naye akijue. Mimi nilimtetea Antipater kwa dakika 20 na nikapigiwa makofi. Mwezi Mei, kwenye meza yangu ya kuandikia, nikageuka Diogenes bila kugundua, mpaka nikawa natumia maneno yake: sijaficha, nimenyamaza tu.

Na sikuhitaji Rhodes. Madrasa, nikiwa na miaka tisa, tulifundishwa habari ya Mtume kupita sokoni Madina, akaingiza mkono ndani ya rundo la nafaka na vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema mvua imeinyeshea. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu watu waione. Nilipokuwa mtoto nilimhurumia yule mwuza nafaka, kwa sababu mvua hakuileta yeye. Sasa naona kwamba hakuna aliyemlaumu kwa mvua. Hata mimi pete sikuitia. Lakini nililipa fundi, kwa pete yenyewe, aiweke iliyolowa chini.

Nimejaribu kujitetea kwa njia moja ambayo bado naiona ina uzito. Ndimu na majivu ya Bibi, na unga mwekundu wa sonara, vyote viliifanyia sarafu jambo lilelile: viliondoa ngozi yake. Ukiangalia kwa lenzi, usuguaji ni usuguaji. Kwa nini basi mmoja uwe ibada ya mkesha na mwingine uwe udanganyifu? Jibu rahisi ni nia, lakini nia ya Baba mdogo ilikuwa mimi nisome, na hiyo si nia mbaya. Nadhani tofauti iko kwa yule anayetarajiwa kuangalia. Bibi alisugua ili sisi tuone zaidi. Sonara alisugua ili mtu mmoja, mwenye macho mabovu, aone pungufu. Kama mzee yule angekuwepo kibandani akitazama, kazi ya sonara ingekuwa ukarabati tu, na angeweza hata kusifia mkono wake.

Zilipita wiki sita. Ningependa kusema dhamiri ilinisumbua usiku, lakini nililala vizuri na nikafanya mitihani. Kisha Bibi akapiga simu kuuliza kama nimekula, na katikati ya habari za mvua na bei ya mchele akasema:

"Huyo mzee, umemwambia tembo wangu alikuwa na pete?"

"Hakuuliza, Bibi."

"Mimi sikukuuliza kama ameuliza."

Nilinyamaza. Nilidhani amenikamata. Ndipo akaendelea, na nikaelewa kwamba hakuwa anazungumzia udanganyifu hata kidogo. "Mwambie babu yako ndiye aliyeitia kwa mikono yake. Usiku, baada ya kazi. Asije mwenzio akadhani tembo wa watu alikuwa amelala sandukuni miaka yote hiyo." Kwake yeye nilikuwa nimemnyima mnunuzi sehemu bora. Dhahabu ilichimbwa na watu wasiojulikana, tai ni wa Kaizari, tembo alichorwa na mkono wa mgeni. Milimita 4 za saa sita ndizo pekee zilizokuwa zetu, na ndizo nilizozilipia zifutwe.

Nilimpigia mzee siku ya tatu. Siku mbili za katikati nilizitumia kuhesabu: matokeo yametoka, ada haiwezi kurudishwa, hakuna wa kunifukuza. Nasema hivi kwa sababu ukweli wangu ulikuja wakati ambao haukuweza tena kunigharimu kitu nilichokihitaji, na sijui wanaupa daraja gani ukweli wa namna hiyo.

"Shikamoo mzee. Kuna jambo sikuliandika."

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuniambia kwamba alijua tangu mwanzo, wala hakunisamehe kwa maneno mazuri. Alinyamaza, nikasikia redio nyuma yake, kisha akasema, "Kijana, mimi nimelipia tembo mzima." Tulikubaliana nimrudishie 2,400,000, kwa kuwa sarafu aliitaka bado. Nalipa 200,000 kila mwezi kutoka kwenye masomo ya ziada ninayofundisha jioni. Baba mdogo, tangu alipopata habari, hapokei simu zangu. Anasema nimeuza sarafu mara mbili, na mara ya pili nimeuza kwa hasara.

Wiki iliyofuata mzee alinipigia yeye. Aliuliza jina la Babu, mwaka wa harusi, na kazi aliyofanya reli. Nilimsikia akiandika taratibu, akinirudisha nyuma kwenye herufi. Kisha akauliza kama pete ipo, angependa kuiweka pamoja na sarafu, hata kama haishiki tena. Nilikwenda Kariakoo mchana uleule. Sonara alinikumbuka vizuri. Pete alikuwa ameshaiyeyusha siku ileile, pamoja na vipuli vya mtu.

Bibi ameniuliza mara mbili kama yule mzee alifurahi kusikia habari ya pete. Nimemwambia alifurahi, ameandika mpaka jina la Babu. Hiyo ni kweli. Habari ya 2,400,000 hajaniuliza. Bado miezi minne.